Vishada Ishirini

Lamu,
Jumapili mchana.

Kaka yangu Ombati,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku visiwani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile tumbo lako halikusumbui kwa vyakula vya nyumba ya mafungo. Mimi mwili upo. Mgongo unalalamika kama kawaida yake, na kikohozi cha vumbi la mbao hakijaniacha, lakini naamka na kwenda kazini, na hilo nalihesabu kuwa ndiyo afya.

Nimekaa muda na kalamu nikifikiri nikuiteje. Watu sasa wanakuita Mhashamu. Sista Nkatha, anayefanya kazi kwenye zahanati ya hapa, ameniambia kwamba mpaka Jumamosi utakapowekewa mikono wewe bado ni askofu mteule tu. Lakini mimi nilikujua ukipeleka ng'ombe wa Baba mtoni huku umevaa kanzu ya kutumikia altareni, kwa sababu ulikataa kuivua baada ya Misa. Kwa hiyo naandika Kaka, nawe utanisamehe.

Nina ombi moja, na naliweka hapa mwanzoni ili hata kama kengele ya sala italia kabla hujamaliza kusoma, uwe umelipata. Kile kiti nilichokutumia kinafika kanisa kuu Jumatano kwa lori. Nakuomba uagize kisifunuliwe. Kibaki kimefungwa kwenye magunia yake mpaka nifike. Agiza wewe mwenyewe, wala usiwaeleze sababu.

Nilijaribu kukupigia simu jana mara nne. Katibu wako akanijibu kwa upole kwamba askofu mteule akiingia mafungoni simu yake inazimwa, na kwamba barua tu ndizo zinazopelekwa, wakati wa chakula cha mchana. Nilifikiri kuipigia kamati ya mapokezi, nikaogopa. Utaelewa kwa nini.

Nilikuambia zamani kwamba niliacha kubeba mawe kule Ras Kitau, ng'ambo ya maji, walikokuwa wakijenga nyumba za wageni. Siku hizi niko mjini kwa Bwana Gharib, fundi wa milango na viti. Kazi yangu ni msasa. Yeye anachonga, mimi nalainisha, na mwenzangu Dawud anapaka mafuta. Bwana Gharib ni mtu wa swala tano na maneno machache, na hakuna mlango wa maana uliotundikwa mtaani kwake ambao hajautia mkono. Katika nyumba za watu wa kale wa hapa kuna kiti kirefu cha mbao kinachoitwa kiti cha enzi, chenye kamba za pamba zilizosukwa, ambacho haketi mtu ila mgeni wa heshima. Siku jina lako lilipotangazwa, nilimwambia Bwana Gharib kwamba kwetu pia askofu ana kiti, na kwamba kanisa kuu linaitwa hivyo kwa sababu ya kiti hicho. Aliendelea kupiga patasi. Baadaye akaniambia kwamba mtu akipewa watu awachunge asiketi juu ya plastiki, na kwamba mbao za mbambakofi zipo, nami nina mikono.

Basi tukakianza. Siku za kazi za wateja hatukukigusa. Tulikifanya siku za Jumapili, Kaka. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Kilitoka kizuri mpaka watu wakawa wanasimama mlangoni. Kamba nilisuka mwenyewe. Bi Mwanamkisi, mke wa Bwana Gharib, alikuja akaketi juu yake kidogo kukijaribu, akasema huyo kaka yangu lazima awe mwembamba kwa sababu mume wake hajui kupima wanaume walioshiba. Dawud naye hakuniacha nipumue. Kila siku aliniuliza kama nikishakuwa na kaka askofu nitapewa na mimi cheo, labda askofu wa msasa, na kama ataruhusiwa kunibusu pete ikiwa imejaa vumbi.

Ilibaki nembo yako, ya kuchongwa mgongoni mwa kiti. Dada yetu Kerubo alikuwa amenitumia kwa simu mchoro wa ngao tu, ile yenye kilima, jiwe na maji, akisema mchoraji hajamaliza yaliyobaki. Sikutaka kukuuliza wewe, nilitaka iwe zawadi ya kukushtua. Lakini nilijua kwamba juu ya ngao ya askofu kuna kofia pana, na kutoka kwenye kofia zinashuka kamba zenye vishada huku na huku. Bwana Gharib akaniuliza vishada vingapi.

Unaikumbuka kalenda ya Mama, ile iliyotundikwa juu ya meza mpaka picha zikafifia? Ilikuwa na nembo kama hiyo. Tulipokuwa tukisali rozari, nami nikisinzia, nilikuwa nikivihesabu vile vishada ili nisilale. Vilikuwa kumi upande wa kushoto na kumi upande wa kulia, kama Salamu Maria kumi za kila fungu. Hilo halijawahi kunitoka kichwani. Nilidhani ndiyo maana yake, kwamba askofu anabeba rozari ya watu wake mabegani. Nikamwambia Bwana Gharib ni kumi kila upande. Akavichonga kimoja kimoja, Jumapili tatu nzima, nami nikavilainisha kwa msasa mwembamba niliouzungushia kijiti.

Kiti kiliondoka Alhamisi. Jana Jumamosi Sista Nkatha alipita karakana kuniaga, kwa sababu anasafiri kesho alfajiri kuja kwenye sherehe yako. Alikuwa na kadi yake ya mwaliko, iliyopigwa chapa na nembo yako kamili. Dawud kwa majivuno akamwonyesha picha ya kiti kwenye simu. Sista akaiangalia, akaangalia kadi, akaiangalia tena. Kisha akaniuliza taratibu, mbele ya watu, kama kuna habari ambayo yeye hajaisikia, kwamba Padri Ombati amefanywa askofu mkuu.

Wewe huhitaji kuelezwa, lakini mimi ilibidi nielezwe. Askofu ana vishada sita kila upande. Kumi ni vya askofu mkuu. Kalenda ya Mama ilikuwa ya askofu mkuu, na mimi miaka yote hiyo sikujua. Kaka, nimekupandisha cheo kwa patasi.

Tangu hapo sijalala vizuri wala sijala. Kerubo alinisimulia maneno yanayosemwa kwenye jimbo ulilopewa. Kwamba wewe si wa huko, kwamba kulikuwa na padri wa kwao waliyemngoja, kwamba wewe ni mtu wa ngazi: ukatoka parokia ya mlimani ukaenda Roma kusoma sheria ya Kanisa, ukarudi ukawa katibu wa askofu mzee, ukawa makamu wake, na sasa jimbo lao kwako ni daraja la kukanyaga ukielekea kiti kikubwa zaidi. Mimi najua si kweli. Mimi ndiye uliyenipigia simu siku ile, sauti imekauka, ukaniambia umekaa siku tano na jambo ambalo balozi wa Papa alikukataza kumwambia mtu yeyote mpaka litangazwe, na kwamba katika siku hizo tano ulitamani kurudi kwenye ile parokia ya mlimani ukapande kabichi. Lakini wao hawakuisikia sauti ile. Watakachokiona ni kiti, kilichotumwa na mdogo wako wa damu, chenye vishada ishirini. Kamati imepanga kukifunua mbele ya mapadri wote kwenye mazoezi ya sherehe Alhamisi jioni. Nikiipigia simu kuiomba isifunue, watafunua siku hiyo hiyo wajue ninaficha nini. Ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Sasa nifike kwenye jambo lililo zito zaidi. Kosa la kuhesabu ningeweza kulisema kwa kicheko. Hili siwezi.

Bwana Gharib hachongi aya hata moja juu ya mlango mpaka karatasi ipelekwe kwa mwalimu, ikaguliwe herufi kwa herufi na nukta kwa nukta, irudi na idhini. Ndiyo desturi ya kazi yake na ya baba yake. Kabla ya kuchonga vishada aliniambia jambo la dini haliendi kwa kumbukumbu ya mtu mmoja, niende kwa padri wetu hapa mjini nikamwonyeshe mchoro. Ni mwendo wa dakika kumi. Akaniuliza mara mbili, siku mbili tofauti. Mara ya pili nilimjibu kwamba nimekwenda, na kwamba padri ameukubali.

Sikwenda. Sikwenda kwa sababu padri hanijui. Kaka, nina mwaka mmoja na miezi mitano sijaingia Misa. Kule Ras Kitau mapumziko yalikuwa Ijumaa, na Jumapili nilibeba mawe. Nilipohamia mjini Jumapili zikawa zangu, lakini nilikuwa nimechoka mpaka mifupani, nikalala moja, nikalala ya pili, na baada ya hapo ikawa si uchovu tena bali haya. Mtu akikaa sana nje ya mlango, mlango unakuwa mzito. Kisha kikaja kiti, nikajidanganya kwamba kukuchongea kiti ni ibada ya kutosha.

Na wewe ulipokuwa ukiniuliza, nilikujibu kwamba nasoma somo la kwanza kila Jumapili. Nilisema mara moja tu ili ufurahi. Ukamwambia Mama. Mama akaiambia jumuiya yake nzima. Na siku ya kutangazwa kwako, ulipoulizwa habari za familia, ulisema mbele ya watu wote kwamba una ndugu fundi visiwani, asiyesoma sana, lakini analisoma neno la Mungu kwa Wakristo wachache wa huko. Niliisikia kwenye simu ya Dawud, naye akinipigapiga mgongoni kwa furaha. Tangu siku hiyo kila Jumapili nilikuwa nikipiga msasa kwa nguvu zaidi.

Leo asubuhi nilikwenda mpaka kanisani. Nilisimama nje ya ukuta. Nikamsikia msichana fulani akilisoma somo la kwanza, kwa kigugumizi kidogo, vizuri tu. Sikuingia. Niligeuka nikaenda nyumbani kwa Bwana Gharib, nikamwambia yote, kuanzia vishada mpaka ule uongo wa padri.

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Aliniuliza vishada vinavyozidi viko wapi, nikamwambia ni safu ya mwisho ya chini, vinne kila upande. Akasema hilo si kitu, mti ni mtiifu, safu ya chini huondoka na mahali pake pakalainishwa, patabaki kovu dogo tu. Kisha akaniambia kwa sauti yake ya taratibu kwamba miaka arubaini hajawahi kutoa kazi isiyokaguliwa, na mimi nimeitoa kwa ulimi wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaambia watu kwamba padri ameona. Akasema urongo hauna msasa. Hakuna ndia ya kuulainisha ila kwenda kuusema palepale ulipoangukia. Bi Mwanamkisi, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, akasema angalau kijana amekuja kwa miguu yake mwenyewe, wengine huja wakiburutwa.

Bwana Gharib akaingia ndani, akatoka na patasi ndogo ya baba yake, ile ambayo Dawud na mimi hatujawahi kuruhusiwa hata kuipangusa. Akanipa. Akasema nisiposafiri kwenda kuviondoa vile vinane kwa mkono wangu, mbele yako, nisirudi karakana. Nikirudi nimeviondoa, nirudi na patasi yake ikiwa kali.

Jumanne hatuna budi kutundika mlango mmoja huko Ras Kitau, ni ahadi yake kwa mteja na sitaki kumvunjia nyingine. Nitaondoka Jumatano asubuhi na basi la kwanza, nami nitafika Alhamisi kabla ya jioni, Mungu akinifikisha. Barua hii inatangulia na Sista Nkatha, ambaye ameapa ataikabidhi nyumba ya mafungo mara tu atakapofika, kabla ya kwenda kokote. Kiti kipelekwe chumba cha kando, mlango ufungwe. Kazi yenyewe haitazidi saa mbili.

Kuhusu lile ulilosema hadharani kwa sababu yangu, sijui utalirekebisha vipi, wala sina haki ya kukuelekeza. Ukiona ni lazima niseme mwenyewe mbele ya wale mapadri, nitasema. Mama nitamwambia mimi. Usimwambie wewe.

Nisalimie Kerubo ukimwona kabla yangu, mwambie aache kucheka ninapompigia simu kwa hofu, safari hii ni hofu ya kweli. Nisalimie na wote wanaokuombea huko. Bwana Gharib anakusalimu na kukutakia subira, anasema watu ni mzigo mzito kuliko mbambakofi. Bi Mwanamkisi anakwambia ule.

Na neno la mwisho. Waambie walinzi wa kanisa kuu kwamba mtu atakayefika Alhamisi na patasi mfukoni ni ndugu yako, wasimfukuze. Kabla sijagusa kiti, naomba uketi nami dakika chache, uvae stola yako, uniungamishe. Jumamosi utakuwa wa watu wote. Alhamisi wewe bado ni Padri Ombati, nami natamani niwe mmoja wa watu wake wa mwisho.

Ni mimi mdogo wako,

Mogaka