Gobore la shemeji

Jumapili. Mvua inanyesha tangu tulipotoka kanisani, na nepi za mtoto hazijakauka.

Acha niandike tu. Yona, mdogo wake mume wangu, amekuwa akificha gobore humu ndani kwetu, hapa Kibondo mjini.

Tangu kijana wa bodaboda apigwe risasi barabara ya Kasulu, akina mama wa mtaa wetu tumekubaliana: kila mmoja aulize nyumbani kwake kwanza. Mwenye mazoea na kijana ndiye aongee naye, awe mama, dada au shemeji. Akikubali, mwenyekiti wa mtaa anamsindikiza polisi akasalimishe silaha kwa hiari.

Kwetu ni mimi. Mume wangu yuko Kasulu kwenye biashara ya maharage, na hata angekuwepo wangeshikana mashati tu.

Yona na mimi tunataniana sana, ushemeji ndivyo ulivyo. Basi leo namwekea ugali, nikaanza.

"Wewe bwana, nani atakubali kuolewa na mtu anayelala na chuma?"

"Si uolewe wewe, kaka hayupo!"

"Mimi nina mtoto, shemeji. Ameanza kutambaa. Jana nilimtoa uvunguni kwako."

Hakucheka tena.

Akanawa mikono, chakula hajamaliza. Nikajua nimeharibu. Ndipo akaniambia. Kumbe gobore si lake, wenzake walimpa awatunzie, na anawaogopa kuliko polisi. Siku zote hizi mimi nilidhani ni jeuri.

"Nikitoka nalo wataniona njiani."

"Tutakwenda na wewe. Akina mama wote."

"Na vitenge vyenu hivyo?"

"Na vitenge vyetu hivi hivi."

Nimepita mlango kwa mlango na mvua hii, mtoto mgongoni. Wamekubali wote, hata Mama Rehema anayeumwa mguu. Mwenyekiti amelichukua gobore akalifungia kwake. Kesho asubuhi tunakwenda polisi pamoja, Yona katikati yetu.

Lakini wakimfunga je? Mwenyekiti ameahidi hawatamfunga, ila ameahidi kwa mdomo tu. Na hao wenzake wakija kuuliza? Mume wangu nitamwambia nini?



Sasa hivi Yona anapiga pasi shati lake jeupe. Ameniuliza eti polisi wanampenda mtu aliyechomekea. Nimemwambia chomekea, shemeji.

Mungu wangu, kesho jioni arudi na shati hilo, limechafuka matope tu.