Mcheza Kikapu Anataka Goli Langu

Shangazi Mektrida,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama tumelingana basi habari za kazi, maana picha yako hapo gazetini ni ndogo na wino wa wiki iliyopita ulikuwa umekupaka ndevu. Ninakuandikia kutoka Machame, mimi ni mkulima wa migomba na kahawa, ambayo siku hizi kila mwenye pikapu anapanda kuja kuinunua, nina ng'ombe wawili wa maziwa, naimba besi kwaya ya usharika, na nimekuwa golikipa wa timu ya mtaa wetu tangu kijana wangu wa kwanza hajaanza kutembea. Usicheke. Najua makipa wa rika langu wengi wao sasa ni wazee wa kanisa.

Nina swali moja tu, na nakuomba ulijibu kwa uwazi, kwa herufi nzito ikiwezekana: je, mtu aliyezoea mpira wa kikapu chuoni anaweza kweli kuhamia mpira wa miguu? Mimi nasema hawezi. Ninachohitaji ni mtu wa gazetini naye aseme hawezi.

Sababu ni hii. Kwetu kuna mfongo, ule mfereji wa maji unaoshuka kutoka juu mlimani kunywesha vihamba, mashamba yetu ya migomba, na umeukata mtaa katikati, sisi tuko juu yake na wenzetu chini yake, na kila mwaka siku inayofuata Krismasi, watu wote wakiwa wamepanda kutoka Dar na Arusha na magari yao, tunacheza mechi, wa juu na wa chini, na watakaofungwa ndio watakaoingia mfongoni Januari kuzoa matope peke yao, huku walioshinda wamekaa ukingoni na mbege yao, pombe ya ndizi, wanawaonyesha pale walipobakiza jani. Shangazi, mimi nimekaa ukingoni miaka mingi kuliko niliyoingia topeni, na watu walijua ni kwa sababu ya nani. Mwanangu Elifuraha alikuwa akipita njiani watu wanasema, "Huyo mtoto wa Kipa." Sasa amerudi likizo kutoka chuoni, huko wamemfanya nahodha wa timu ya kikapu, amerefuka mpaka anainama kuingia jikoni kwa mama yake, na juzi nilipopita dukani nikasikia kabinti kamoja kananong'oneza mwenzake, "Huyo ndiye baba wa yule mrefu." Baba wa yule mrefu! Mimi!

Si wivu. Nakueleza tu.

Alipofika tu akaniambia, "Baba, mwaka huu naomba nijaribu kudaka, unifundishe." Nikamweleza kwa upole, kama mzazi, kwamba kikapu kinamharibu mtu kwa soka, kwamba mikono ikishazoea kudundisha haiwezi tena kukumbatia, na kwamba vidole vyake ni vya kurusha, si vya kuzuia. Mambo hayo niliyatunga palepale, na kadiri nilivyozidi kuyatunga ndivyo nilivyozidi kuyaamini. Nikamweka mbele, namba tisa. Akajikwaa kwenye miguu yake mwenyewe kama ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo, watu wakacheka, na nakiri kwamba kicheko changu ndicho kilichofika mbali zaidi, besi ni besi.

Sasa Jumamosi nikachelewa mazoezini, ng'ombe alikuwa anazaa, na vijana kwa kukosa adabu wakamweka golini. Nilipofika sikuingia uwanjani, nikasimama kwenye migomba nikachungulia. Krosi inakuja, kijana anapaa, anauchukua kwa mkono mmoja kama mtu anayechuma parachichi. Kona inapigwa, anachuma. Beki wetu Mathew, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe hata kufunga kamba za viatu, akapiga kelele, "Jamani, hivi miaka yote hii tulikuwa tunateseka na nini?" Mwenzake akamjibu, "Tulikuwa tunamheshimu Meku," yaani mzee, yaani mimi. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikatoka migombani nikatangaza mazoezi yamekwisha, giza linaingia. Jua lilikuwa bado linachoma.

Na mama yake, Shangazi! Ruth mke wangu, ambaye baada ya kila mechi alikuwa akinikanda mabega kwa maji ya moto na chumvi, sasa anamchemshia yule mayai asubuhi na jioni, eti anajenga mwili. Nilipouliza yai langu liko wapi akaniambia, "Wako ulishajengwa, baba Elifuraha, sasa unabomoka taratibu. Mwachie mtoto." Alisema huku anatabasamu, na hilo tabasamu ndilo lililouma.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni shemeji yangu Yohana, kaka yake Ruth, ambaye ni nahodha wa watu wa chini. Habari zimemfikia. Amemletea kijana mkungu wa ndizi mshare na maneno haya: "Kama baba yako hakutaki, mjomba anakutaka. Goli letu halina mtu." Elifuraha akanifuata bandani, akanishikia ndoo nikiwa nakamua, akasema polepole, "Baba, mjomba ameniita. Sipendi kusimama kwenye goli linalotazamana na lako. Lakini hapa kwenu nitakaa benchi tu. Niambie basi, ni kweli siwezi?"

Nikamwambia nitauliza wataalamu.

Naye gazeti hili analisoma, kila Jumapili baada ya ibada ananipokonya. Kwa hiyo wewe andika tu kwamba haiwezekani, yeye atakubali bila kinyongo, hatakwenda kwa mjomba, na mimi nitadaka Krismasi hii moja ya mwisho, au ya kabla ya mwisho. Fanya haraka tafadhali, Desemba imeshaingia.

Ni mimi,
Kipa (bado), Machame

*

Kipa Bado,

Marahaba. Ndevu ni za mtambo wa kuchapia, lakini umri ni wangu, na shikamoo yako nimeipokea yote.

Herufi nzito ulizoziomba hizi hapa: ANAWEZA.

Sikubahatisha. Mimi mwenyewe nilicheza netiboli, siku ambazo kiuno hiki kilikuwa kinageuka bila kuomba ruhusa, na mikono naifahamu. Hata hivyo nilimfuata mwalimu mmoja wa mpira hapa mtaani kwetu Soweto, mtu mzima, hana mtoto mrefu wa kumkosesha usingizi. Amenieleza kwamba mcheza kikapu anaweza kupata taabu kuwa mshambuliaji, maana miguu yake haikulelewa na mpira, na wewe hilo ulilijua vizuri ndiyo maana ukamweka namba tisa. Golini ni habari nyingine. Kuruka kwa wakati, kuusoma mpira ukiwa bado hewani, kutoogopa msongamano, hayo kipa wa kawaida anayahangaikia miaka, na mwanao ameyaleta nyumbani kwenye begi pamoja na nguo chafu.

Ila usifurahi haraka, wala usinune. Mwalimu amesema pia kijana huyo ana matundu. Mipira ya chini itampita. Kwenye kikapu hajazoea kujitupa kwenye tope, kwa hiyo shuti likija linaburuzika atainama nusu, na nusu haitoshi. Hajui kutoka golini kumfuata mshambuliaji. Hajui kuupiga mpira wa goli ukavuka katikati. Hayo hayaingii kwa mayai ya kuchemsha. Yanataka mtu aliyegaagaa kwenye uwanja huohuo mpaka anajua ni wapi mpira unadunda vibaya. Unamfahamu mtu wa namna hiyo hapo Machame?

Sasa tuje kwako, baba. Umeandika kwamba si wivu. Ni wivu. Mtu anajificha migombani, anamwona mwanawe wa kumzaa anafanya vizuri, anatoka kwenda kuzima jua! Na mimi ulitaka niandike uongo gazetini ili umwonyeshe mtoto, uongo wenye picha yangu juu yake.

Sikugombezi kwa kuumia. Inauma kupishwa njia wakati pumzi bado unazo, na inauma zaidi anayekupita akiwa na pua yako. Wanaume wengi wangeona afadhali wanyang'anywe na mgeni. Lakini rudia kusoma barua yako mwenyewe. Alipofika, kijana alikuomba umfundishe. Hakukuambia utoke. Mjomba alipomwita na mkungu mkononi, hakuchukua viatu akashuka, alikuja kukushikia ndoo na kukuuliza. Kuna wazazi wananiandikia hapa kila wiki ambao watoto wao hawawaulizi hata saa ngapi. Wewe umeulizwa, na ukaja kuniuliza mimi.

Fanya hivi. Gazeti litapanda Machame Jumapili. Usilifiche, usilifungie nyama. Kabla ya ibada, kabla hajalishika, mwite bandani umwambie kwa maneno machache: "Nilikudanganya. Unaweza." Usianze na historia ya ujana wako.

Jioni ileile nendeni uwanjani nyinyi wawili tu. Mpigie mipira ya chini, kushoto na kulia, mpaka fulana yake iwe na rangi ya udongo. Atakapokosea utajisikia vizuri, najua, ndiyo maana nakutaka uwe pale kila siku mpaka hisia hiyo ichoke. Kwa shemeji yako peleka shukrani za ndizi na taarifa kwamba mpwa wake amepata goli. Mkungu kuleni. Na Ruth mwombe maji ya chumvi kwa lugha nzuri, kufundisha nako kunachosha mabega. Mke aliyeweza kukutania vile hajakuacha popote.

Siku ya mechi aanze yeye. Wewe vaa jezi ukae benchi, wewe ni kipa wa akiba, si baba wa kusimama nyuma ya nyavu akipiga kelele za maelekezo. Atafungwa. Hakuna kipa asiyefungwa. Mpira ukiingia, watu wa juu na watu wa chini wote watageuka wautazame uso wako. Wewe watangulie, jitazame kwanza moyoni. Ukikuta kuna kitu kimeruka kwa furaha, kikalishe. Kisha simama, mwite mwanao kwa jina lake, kwa hiyo besi yako yote, umwambie mpira unaokuja ni wake.

Halafu ukae.

Shangazi Mektrida