Wanafunzi Waliokuja Kukosha Masufuria

Jumamosi, mwezi wa Mfungo Tano. Mtaani Amani. Mvua imekatika alasiri.

Baba Asha,

Leo nna shukrani, na wa kumwambia kwanza ni wewe, ingawa umeshatangulia.

Wale wanafunzi wa chuo kikuu wamemaliza. Walikuwa wanatutengenezea programu ya simu ya kufuatilia masufuria, masinia na mikeka ya mtaa inayoazimwa kwa harusi na misiba, ile kazi uliyoniachia. Mwalimu wao aliwakataza kugusa kompyuta mpaka wafanye kazi na mimi kwanza. Basi wamebeba, wamesugua masizi, wamekunja mikeka. Ilham, kiongozi wao, kucha zake zimekuwa nyeusi kama zangu.

Siku ya kwanza waliniuliza nataka nini. Nikajibu haraka: kila anayechukua aandikwe jina na siku ya kurudisha. Nilikuwa nafikiria harusi, ambako vitu hupotea.

Juzi jirani yetu Mzee Makame akaja mbio. Bi Time, mkewe, amefariki.

"Bi Zuwena, nnataka lile sufuria kubwa."

Ilham akatoa simu, kwa adabu. "Shikamoo babu. Jina lako kamili? Na litarudi lini?"

"Marahaba. Mjukuu wangu, maiti hajakoshwa, we ushaniuliza kurudisha?"

Msichana akashusha simu. Nikaona haya, maana swali lilikuwa langu.

Mzee alipoondoka na sufuria lake, nikamsimulia Ilham siku uliyofariki wewe. Nilikuwa chumbani, sijamwomba mtu kitu. Nikasikia masufuria yanagongana stoo. Majirani walikuwa wameshaingia kuyatoa. Hapo nikajua sitabaki peke yangu.

Sikuwahi kumwambia mtu hayo.

Leo wameonyesha kazi yao mbele ya mwalimu, hapa hapa uwani. Kwa harusi, jina na siku. Kwa msiba, unabonyeza mara moja tu kwamba vitu vimetoka.

"Na aliyechukua ni nani?" mwalimu akauliza.

"Mtaa," akajibu Ilham.

"Visiporudi?"

"Tutavifuata, mwalimu. Lakini si siku ile."

Mwalimu akanigeukia mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

Wamewahi kuniuliza wengi nnahitaji nini, tangu uondoke. Hawa wamekaa mpaka nikajua mwenyewe.

Nanyi mnaosoma ukurasa huu wa mtandaoni alionifungulia mwanangu Asha, mkumbukeni baba yake kwa Fatiha moja. Na mimi pia, siku yangu ikifika.