Mheshimiwa Amepinda Shingo

Jumatatu, 3 Machi

Mheshimiwa kaamka shingo upande. Nikadhani ananisikiliza, maana ndivyo anavyokaa siku zote, kama bwana anayesubiri kuletewa chai. Nikamwita. Akageuka, akaanguka, akabiringika mpaka ukutani, miguu juu. Macho yanachezacheza, hayatulii mahali. Sijawahi kuona sungura hivyo.

Karani, mke wake (tulimwita hivyo kwa kupenda kwake karatasi), kakaa pembeni anatafuna nyasi kama hayamhusu.

Mama kamwinua, kampakata kifuani. Nikamwambia mwache, hatujui ana nini. Wapi! Mwaka jana nilipompa figo yangu, alirudi nyumbani hataki kula, hataki kuongea. Huyu sungura ndiye aliyemtoa kitandani, si mimi. Atamwacha vipi?

Naogopa. Sijui hata naogopa nini.

Jumanne, 4 Machi

Nimempeleka kwa daktari wa wanyama. Mdogo kwangu kwa umri, mikono mipole. Kasema si kiharusi. Ni kimelea, kijidudu ambacho jicho halikioni. Sungura wengi wanaishi nacho kimya, halafu siku moja kinaamka na kupanda kichwani. Nikauliza, hiyo miaka yote kinajificha wapi?

Kwenye figo, kasema. Na kinatoka na mkojo.

Kwenye figo! Kovu langu likaniwasha pale pale kwenye kiti.

Dawa ya minyoo, ya maji, nyeupe kama chokaa, kila siku kwa wiki nne. Wanywe wote wawili, hata Karani asiye na dalili. Nyingine ya kutuliza uvimbe. Banda lisafishwe kila siku. Na ale! Sungura akikaa bila kula tumbo linasimama, na tumbo likisimama ndiyo basi tena.

Nikiwa mlangoni akauliza kama nyumbani kuna mtu ambaye kinga yake ya mwili iko chini. Nikasema hapana. Mdomo ulijisemea wenyewe. Nimetembea njia nzima na kikapu kifuani, najiuliza nimemdanganya nani.

Alhamisi, 6 Machi

Mficha maradhi kilio humuumbua. Nimempigia daktari, nikasema ukweli wote: mama, figo, vidonge anavyokunywa asubuhi na jioni ili kinga yake ilale, isije ikaishambulia figo ya mtu mwingine. Hakunigombeza. Kasema kwa watu hatari ni ndogo sana, lakini kwa mtu kama mama tusicheze. Asipakate, asiguse banda, daktari wake aambiwe. Au sungura wakae kwingine mpaka dawa iishe.

Nikamweleza mama. Wazo la kuwapeleka kwa bosi wangu hakutaka hata kulisikia, eti Mheshimiwa atafia ugenini. Uso ukamshuka kama siku zile za kitandani. Nikatafuta maneno ya kumpoza, asione namnyang'anya. Nikamwambia, "Mama, Mheshimiwa hana kosa. Ni hivyo vidonge vyako tu. Bila vidonge, wala asingekudhuru."

Akasema, "Kumbe."

Basi. Tumekubaliana banda lihamie chumba changu cha cherehani, yeye akae mlangoni kwenye kiti, atazame tu. Nikashangaa alivyokubali upesi. Daktari wake naye nimesema tutamwambia siku ya kliniki, si mbali.

Jumapili, 9 Machi

Kumnywesha dawa ni vita. Namfunga taulo mwili mzima kama mtoto mchanga, namtia bomba dogo la dawa pembeni mwa mdomo, anatema. Pazia la mteja limepata dawa ya minyoo! Bosi akiuliza nitasema ni chokaa.

Nimemshonea mto wa duara, vipande vya godoro ndani, kitambaa cha bitana juu, ili akibiringika asijigonge. Miaka yote nashona mapazia ya watu wenye nafasi, leo nashonea sungura kitanda. Mama mlangoni ananipa amri. Mshike kiuno. Usimkabe. Mwambie pole. Kavaa soksi na joto lote hili! Nikamtania kuwa amezeeka, akacheka.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya. Kabiringika tangu nimeamka, hataki hata jani. Nimemsagia chakula, namlisha kwa bomba, tone kwa tone, anatazama dari kwa jicho moja. Tumbo limejaa au limesimama? Naweka sikio, nasikia moyo wangu tu.

Mikono imechanika kwa dawa ya kusafishia. Nasugua banda, sakafu, kitasa cha mlango. Mama akikohoa nashtuka. Akiinamisha kichwa kutafuta kitu nashtuka zaidi. Nimemuuliza mara ngapi kama kichwa kinamuuma! Kaniambia namtazama kama askari anavyotazama mwizi.

Angalau vidonge hasahau. Kila baada ya kula nasikia glasi yake ya maji ikigonga meza.

Jumatatu, 17 Machi

Amekula! Mwenyewe, bila bomba! Shingo bado imepinda, lakini kasimama kwa miguu yake, kavuta jani la kabichi mdomoni mwa Karani. Nimelia kama mjinga, sindano mdomoni.

Niliporudi kutoka dukani nikakuta mama kampakata, mikono mitupu, mdomo kwenye masikio yake. Nilifoka. Sijawahi kumfokea mama yangu hivyo. Yeye wala hakutikisika. "Hawezi kunidhuru sasa," kasema. Nikadhani anasema dawa imeanza kumkolea Mheshimiwa. Nikamwambia bado, wiki nne hazijaisha. Nikamburuta kwenda kunawa. Mikono yake ilikuwa ya moto.

Alhamisi, 20 Machi

Mama hajagusa chakula. Viatu vimemkataa, eti ni joto. Nikamvua soksi kwa nguvu. Nilipobonyeza mguu, kidole kiliacha shimo, na shimo halikujaa.

Ni kimelea. Kimempata, najua. Kimepita mikononi, kimeingia kwenye figo yangu. Nimeenda kumtazama Mheshimiwa, nimemchukia. Halafu nikamnywesha dawa yake, maana nani atamnywesha?

Nimempigia daktari wa mama. Kasema nimlete kesho bila kukosa. Mama kasema kesho kutwa, kesho amechoka. Nimembembeleza, nimetishia kumbeba. Kajifungia chumbani.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi hospitalini.

Asubuhi nilikuwa namfungashia mkoba. Kanga, malapa, vidonge. Nikafungua droo yake. Pakiti zimejaa. Hazijaguswa, juu zimefunikwa leso. Nilisimama nazo, nikaisikia ile glasi ikigonga meza. Maji matupu!

"Mama, hivi hujanywa."

"Si ulisema vidonge ndivyo vyenye shida?"

Akashika mkono wangu, akauweka ubavuni mwake, chini kidogo, pale ilipo figo. Akanieleza polepole, kama ananifundisha mimi kazi: ingekuwa figo ya mtu baki, asingethubutu kuviacha. Lakini hii ni ya mtoto aliyemzaa mwenyewe. Damu nzito kuliko maji. "Mwili wangu utamfukuza vipi mwanangu?" kasema.

Mwenyewe aliamini. Mungu wangu, mama aliamini! Na maneno ya kumfikisha huko nilimpa mimi, kwa mdomo huu huu. Siku zote nachungulia mkojo wa sungura, nasugua vitasa, kumbe balaa liko kwenye droo.

Wamemwingiza ndani. Kabla mlango haujafungwa kanyanyua kichwa, kanikumbusha jioni nisichelewe, Mheshimiwa hajanywa dawa. Nikamwitikia sawa mama.

Nesi ametoka na kalamu. Anauliza, mama aliacha vidonge tangu lini? Hasa lini, daktari anataka kujua, ni muhimu.

Nimefungua mdomo. Dawa ya Mheshimiwa naijua yote, aliyomeza na aliyotema.