Kabla Hujaniona Kwenye Televisheni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo wa mama umepata nafuu, na mtoto wako wa mwisho ameshaachana na kile kikohozi. Mimi mwili unakwenda. Vidole viwili vya mguu wa kushoto bado havina hisia, lakini nimeshavizoea, navaa viatu kama watu wengine. Isipokuwa nina hasira, dada. Ninayo tangu nishuke kwenye ndege Jumatatu. Juzi jirani alikuja kunipa pongezi za kwenda ng'ambo, nikamfokea mpaka akaondoka na sahani yake. Nimeshamwomba radhi, lakini amenuna, na ana haki ya kununa.

Barua hii nampa fundi cherehani wa chumba cha pili, anayekuja huko kesho. Nimemsisitiza akukabidhi wewe mkononi, asimpe mama. Najua utasema ningepiga simu. Kwenye simu ungelia, mimi ningeanza kukubembeleza, na nikishaanza kukubembeleza nasema uongo. Najijua. Kwa hiyo nimekaa na kalamu.

Naomba uisome kabla ya Jumamosi. Mama ameniambia kwamba Jumamosi ndiyo kipindi kinarushwa, na kwamba mmeshaalika mtaa mzima na kuazima viti na televisheni ya mwenye duka la dawa. Dada, waambie watu wasije. Toa sababu yoyote. Sema umeme umekatika.

Unakumbuka jinsi safari yenyewe ilivyokuja. Ile video ya simu, ninavyotolewa kwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia kuku pale kiwandani nimefungwa mablanketi, ilizunguka dunia nzima, na watu wa kipindi kile wakaipigia kampuni wakinitaka. Pasipoti ambayo mtu husubiri miezi, mimi niliipata kwa siku nne. Ofisi ya mkurugenzi ilihangaika nayo yenyewe, katibu wake akawa ananiita kaka. Ningekuwa na akili ningejiuliza hapo hapo tangu lini ofisi ile ikamhangaikia mpakia boksi.

Ndani ya ndege kulikuwa na kiyoyozi, nikaomba blanketi la pili, halafu la tatu. Mhudumu akacheka kwa upole akaleta. Huko nikapokelewa na dereva na mama mmoja mkalimani, mwenye asili ya huku, anayeongea Kiswahili kizuri kabisa. Nikamwona kama ndugu. Asubuhi yake nikapelekwa studio. Walinipaka poda usoni, wakanivua shati lako ulilonipigia pasi, wakanivika la kwao. Studio ile ni baridi, dada, wanaipoza kupunguza joto la zile taa zao. Nikaanza kutetemeka. Msimamizi wa kipindi akaniona, akamnong'oneza mkalimani, na mkalimani akaniambia niendelee hivyo hivyo, nikitetemeka mbele ya kamera itapendeza.

Sasa sikia walichoandaa. Nyuma ya kochi walijenga ukuta wa barafu ya plastiki, wenye taa za buluu. Pembeni wamepanga maboksi ishirini. Mtangazaji, mtu mmoja mwenye meno mengi, akanitambulisha kwa jina la Mtu wa Barafu, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Hata sijakaa vizuri, akaniomba niwaonyeshe nilivyohamisha boksi usiku ule mle chumbani, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, ili damu isigande. Wakafungulia muziki wa ngoma. Nikanyanyua boksi la kwanza, kumbe ni tupu, jepesi kama kofia. Watu wakaanza kupiga makofi kwa kufuata miguu yangu. Na mimi nikabeba, dada. Nilibeba boksi tatu nikizunguka pale kama tumbili wa maonyesho, wakati mume wako ana miezi mitano kaburini. Hilo silisamehe, na sitaki unisamehe wewe.

Halafu mtangazaji akaniuliza habari za rafiki yangu aliyefariki. Nikamsahihisha, nikasema si rafiki, ni shemeji, mume wa dada yangu, na ndiye aliyenitafutia kazi pale. Akaomba nisimulie mwisho wake. Nikasimulia ile unayoijua: kwamba koti lilikuwa moja, kwamba shemeji alilivua mwenyewe akanivika, akasema mimi bado kijana, na kwamba neno lake la mwisho lilikuwa nikwambie anakupenda. Watu wakalia. Mtangazaji akajifuta machozi kwa kitambaa kile kile alichokuwa akijifutia jasho.

Ndipo akatangaza kwamba kuna mgeni wa ghafla. Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka nani? Mkurugenzi wetu, na tai yake, na shada la maua. Huyo huyo ambaye siku ya mazishi alimtuma dereva. Akanikumbatia mbele ya kamera, mkono wake mgongoni unanipigapiga kama mtu anayemtoa mtoto gesi. Akakaa kwenye kochi, akasema marehemu alikuwa kama mwanawe. Akasema kampuni imeumia sana. Kisha, kwa sauti ya huruma, akasema kwamba marehemu ndiye aliyekuwa msimamizi wa chumba kile, na laiti angetoa taarifa kwamba kitasa cha ndani kimeharibika, kingetengenezwa siku hiyo hiyo.

Dada, nilisimama. Sikuamua kusimama, nilijikuta nimesimama, na maua yameanguka chini.

"Aliandika!" nikamwambia. "Mara tatu aliandika kwenye daftari la matengenezo! Na wewe ukamjibu kwamba asiyetaka kufungiwa atoke mapema! Ukatupatia kabari ya mbao tuegeshee mlango! Kabari ya mbao!"

Mtangazaji akamgeukia mkalimani, meno yote nje, akisubiri. Mkalimani akagusa kile kidude cha sikioni, akasikiliza, kisha akasema maneno machache tu. Watu wakainuka kwenye viti wakashangilia. Wengine walikuwa wanalia tena. Mkurugenzi akanikumbatia kwa mara ya pili, na safari hii alinibana hasa, akanikalisha.

Tulipotoka nikamkamata mkalimani kwenye korido, nikamuuliza amewaambia nini. Hakuniangalia. Akasema amewaambia nimezidiwa na shukrani. Akasema ndivyo alivyoagizwa sikioni, na kwamba na yeye ana watoto wanaosoma. Nikamwambia shemeji yangu naye ana watoto wanaosoma. Akaondoka na viatu vyake vinagonga sakafu, na mimi sikumwonea huruma hata kidogo, na mpaka sasa simwonei.

Mkurugenzi alikuja baadaye, tukiwa tunangoja gari. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Akanishika bega kama mjomba, akasema: "Kijana, habari za mlango hazimponyi mtu. Watu wanataka stori ya koti. Ile ni nzuri. Tubaki na ile." Akasema tukirudi kuna karatasi ndogo ya kusaini, mimi na wewe dada, kwamba tumeridhika na maelezo ya kampuni, basi, mambo yaishe.

Nilirudi na ndege ile ile aliyopanda yeye, yeye mbele mimi nyuma, na saa zote zile nilikuwa nalifikiria neno lake. Stori ya koti. Alikuwa anasema kweli. Stori ile ndiyo inayomlinda. Mtu akishalia kwa ajili ya koti, hana machozi ya kuulizia kitasa. Na stori ile, dada, niliitunga mimi.

Kaa chini kama umesimama.

Shemeji hakuwa na koti siku ile kwa sababu hakuwa na kazi ndani. Zamu ilikuwa ya kwangu na koti nilivaa mimi. Boksi za kuku zilinielemea, nikamwita, akaingia na shati lake kunisaidia, dakika mbili tu. Tuliposukuma mkokoteni wa boksi ukagonga kabari, mlango ukajifunga. Ilikuwa saa kumi jioni ya Jumamosi, wengine wameshaondoka. Tuligonga mpaka mikono ikavimba. Yeye ndiye aliyesema tuhamishe boksi, mimi nilikuwa nalia tu. Na yeye ndiye aliyepanga zamu za koti: mmoja avae mpaka ahamishe boksi mia, kisha ampe mwenzake. Alihesabu kwa sauti, zamu zangu na zake, akanitania kwamba sijawahi kuhesabu mpaka mia tangu shule. Hakuniibia hata boksi moja.

Zamu ya mwisho ilikuwa yangu. Sauti yake ilikuwa imeshakwisha, akaniachia nihesabu mwenyewe. Nilifika mia, nikaendelea. Nilijua nimefika. Alikuwa ameegemea ukuta, akanyoosha mkono, akasema, "Zamu yangu."

Nikamwambia bado. Nikamwambia niko themanini na kitu.

Nilikuwa kwenye mia na kumi na nne, dada.

Akaniamini. Akaitikia kwa kichwa, akakaa chini angojee. Mimi nikaendelea kubeba, na kila nilipopita mbele yake niliangalia upande mwingine. Sijui nilipita mara ngapi. Nilipokuja kumvika lile koti, mikono yake haikukunjika tena kuingia. Nikalivaa tena. Fundi wa mitambo alipofungua alfajiri, alinikuta nalo.

Hakusema nikwambie anakupenda. Hakusema mimi bado kijana. Wewe uliponiuliza pale hospitali alisema nini, ulikuwa umenishika mkono, nikakupa nilichoona kitakufaa. Nilifikiri nakupa zawadi. Kumbe nilimnyang'anya mumeo mara ya pili. Maana nimemfanya mtu aliyekubali kufa, na yeye hakukubali. Alitaka koti lake. Alihesabu vizuri, akafanya haki yote, kwa sababu alitaka kurudi nyumbani kwako. Hakuna mwenye haki ya kumgeuza huyo akawa mtakatifu wa kwenye kochi la watu, si mkurugenzi, si yule mwenye meno, wala mimi.

Jana nilikwenda ofisi ya idara ya kazi, ile ya serikali. Nilikaa na mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani aliyeandika kila neno kwa mkono. Nilimweleza mlango, kitasa, kabari na majibu ya mkurugenzi. Kisha nikamweleza koti. Akaweka kalamu chini, akaniuliza kama nina uhakika nataka hilo liandikwe, kwa maana halihusiani na mlango na linaweza kuniharibia. Nikamwambia aandike. Nimechoka na habari zinazochaguliwa vipande. Akaandika, nikasaini. Leo asubuhi mlinzi wa getini kiwandani amenizuia kuingia. Ameagizwa, masikini. Hata yeye alishindwa kuniangalia.

Daftari la matengenezo halionekani, kampuni inasema halijawahi kuwepo. Lakini shemeji alikuwa na tabia ya kupiga picha kila kitu, mpaka mita ya umeme. Mkaguzi anasema picha moja tu ya ukurasa ule, yenye mwandiko wake na tarehe, itatosha kufungua shauri. Simu yake unayo wewe, kwenye kabati. Ichaji, tafuta. Ukiipata usimtumie mtu, wala mimi usinitumie, mpelekee mkaguzi mwenyewe. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Na atakapokuja mtu wa kampuni na karatasi ya kusaini, na atakuja, pengine kabla ya Jumamosi, pengine na zawadi za watoto, usimfungulie. Mwache asimame mlangoni, ajue kusimama mlangoni kukoje.

Kuhusu mimi na wewe sina la kudai. Ukisema nisikanyage tena hapo, sitakanyaga. Ukitaka kunitukana, fundi cherehani anarudi Jumatano, mpe barua, nitaisoma yote. Ila hasira yako usiimalizie kwangu peke yangu. Mimi niliiba koti kwa muda wa boksi kumi na nne na zaidi. Yule bwana aliuacha mlango ule mbovu mwaka mzima. Tugawie kila mtu fungu lake.

Watoto wakikuuliza baba yao alikufa kwa nini, usiwaambie ni baridi. Waambie ni mlango. Na wakishakuwa wakubwa, waambie na mjomba.

Nisalimie mama, umwambie dawa yake ya kuchua nimeipata, iko ndani ya mfuko niliompa fundi pamoja na barua hii. Wasalimie watoto mmoja mmoja. Wasalimie na majirani watakaokuuliza mbona hakuna televisheni.

Ni mimi mdogo wako,
anayengoja neno lako, liwe lolote.