Ushahidi Alioutafuta Mama

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa kulea mimba. Natumaini wewe na shemeji hamjambo. Mimi ni mzima, ila miguu imekwisha kwa ajili yako, na viatu pia, japo mimi ndiye fundi wa kuvishona.

Uliniagiza nikapime homa ya ini, ile aina ya B uliyokutwa nayo kliniki. Kupima si kazi. Kazi ni kujua pa kupimia. Na Mama akang'ang'ania tufuatane. Si unajua alivyoapa kwamba ugonjwa huo umeletewa na mumeo? Alitaka mimi nionekane sina, apate ushahidi wa kumpiga marufuku shemeji kabisa nyumbani kwetu.

Zahanati ya jirani wakasema vipimo vimekwisha, twende hospitali kuu. Maabara ya huko wakatukataa kwa kuwa hatukutumwa na daktari. Mlinzi, mjuaji wa yote, akatupeleka kliniki ya wajawazito. Nesi akanitazama tumbo, akacheka, akatuelekeza kwa wachangia damu. Nao wakatugombeza: damu pale hutolewa kuokoa watu, si kujipimia. Na kila foleni Mama alimsimulia jirani wa benchi uovu wa mkwewe, nami natamani ardhi ipasuke inimeze.

Kumbe unaanzia kwa daktari wa wagonjwa wa nje, akuandikie kipimo, ndipo uende maabara. Basi tu! Hakuna aliyeona haja ya kutuambia. Daktari akauliza kama mama mzazi naye amepimwa. Mama akanyoosha mkono kwa mbwembwe, ili ushahidi uwe mara mbili.

Dada, mimi ninao. Na Mama anao. Daktari alieleza kwamba mtu huweza kuishi nao miaka mingi bila kuumwa, na kwamba mara nyingi mama humwambukiza mtoto anapomzaa, bila kujua. Mama hakubisha, na hilo ndilo lililonitisha. Tulipotoka aliketi kwenye ngazi, akasema, "Mwandikie dada yako. Mumewe nimemtukana bure."

Basi nimeandika. Shemeji apimwe, na kama hana, achanjwe. Wewe ujifungulie hospitali, mtoto achanjwe siku hiyohiyo. Mama anataka kuja kukulea uzazi. Ameshafunga mzigo, lakini anasema hatoki mpaka apate jibu, na jibu lenyewe analitaka kwa shemeji, si kwako.

Msalimie sana, kwa heshima zote tulizomnyima.

Mdogo wako,
Fundi viatu