Sauti Moja Kwanza

Qurayyat,
6 Oktoba 2024

Mwanangu Sinan,

Asalaam alaykum warahmatullah. U hali gani? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baba yako na mama yako wanakusalimu. Mama yako anauliza unakula nini huko Ansab, na mimi nnauliza hivyo hivyo. Barua hii atakuletea baba yako akija mjini, maana kuandika katika simu siwezi, herufi zenyewe ndogo kama sisimizi, na kidole changu kimoja kinabonyeza tatu.

Jumatano wameniwashia kile kifaa cha kusikilia. Tangu operesheni nilikuwa nnaihesabia siku hiyo kama bibi harusi. Bibi Hind, yule mtaalamu wa masikio, akanibandika kisumaku nyuma ya sikio, chini ya mtandio, akabonyeza kompyuta yake, akasema neno. Unajua nilisikia nini? Bati. Bati linakwaruzwa kwa kijiko. Nikamtazama mdomo nikadhani ananitania. Baba yako akaniita kwa jina langu, bati. Tukatoka nje, adhuhuri inaadhiniwa, bati. Hapo nililia, mwanangu, wala sikujificha. Miaka minne ya uziwi nimekuwa nikisema, Mungu akinijaalia nisikie tena, la kwanza iwe adhana, la pili iwe fidla yako.

Hind anasema kichwa kinatakiwa kijifunze upya, nikivae kila siku na nivute subira. Na kila anayekuja kunitazama ananitajia yule mtungaji muziki wa Kijerumani aliyekuwa kiziwi, utadhani mimi na yeye ndugu. Yeye alikuwa anatunga. Mimi nnataka kusikiliza tu.

Basi nimekata shauri. Tamasha la okestra yenu ni Februari, kabla ya Ramadhani. Mpaka siku hiyo ntakivaa. Ikifika na bado nnasikia mabati, nnakivua nnakitia kabatini, na asiniambie mtu kitu. Kimya nilishakizoea. Kutumainishwa kila asubuhi ndiko nisikokuweza.

Nakushukuru kwa kukaa na mimi hospitali. Nilikuona ukisinzia kwenye kiti, shingo imekupinda, nikakuombea dua.

Shangazi yako,
Mwanamize


Ansab,
13 Oktoba 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta katika afya njema. Mimi mzima, nakula wali na samaki kama binadamu wengine, mwambie mama apumzike.

Na tukubaliane kabisa, Shangazi: si fidla, ni viola. Ni kubwa kidogo na sauti yake ni ya chini. Miaka ishirini nakwambia.

Nimempigia simu Bibi Hind. Ameniambia kifaa chako kimetengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu. Muziki kwake ni mtihani, na vyombo vikilia vingi pamoja ndipo kinapovikoroga. Sauti ikiwa moja peke yake ni nafuu. Nilipokata simu nikakaa nikawaza: sauti moja, kisha mbili, kisha nyingi. Hiyo si ndiyo historia yenyewe ya muziki wa Ulaya? Tulisomeshwa mwaka wa kwanza na mimi nilikuwa nasinzia darasani, shingo imepinda vile vile.

Sikiliza basi. Katika Enzi za Kati, watawa wao waliimba wote mahadhi mamoja tu, bila chombo, bila sauti ya pili kuingilia. Karne na karne zikaenda hivyo. Kisha akatokea mtu akaweka sauti ya pili juu ya ile ya kwanza, na nadhani wazee wa siku zile walimwona hana adabu. Zikaja tatu, zikaja nne, kila moja na njia yake. Okestra nzima kama ninayopiga mimi ni jambo la juzi juzi. Sasa sisi tumekuwa tunataka uanze na okestra! Tuanze walikoanzia wao.

Nimekutilia rekodi katika ile simu ya zamani, baba atakuonyesha pa kubonyeza. Ya kwanza ni mtu mmoja anaimba. Nimekuchorea na karatasi: mahadhi yanapopanda mstari unapanda, yanaposhuka unashuka. Fuata kwa kidole.

Nilipokuwa mdogo nikijifunza, mama alikuwa akifunga milango yote asinisikie. Wewe ulinifungulia chumba chako, ukakaa kitandani unashona kofia, ukanisikiliza mpaka nichoke mwenyewe. Yale nayo yalikuwa mabati, Shangazi. Sijapata kukushukuru vya kutosha.

Mwanao,
Sinan


Qurayyat,
10 Novemba 2024

Mwanangu Sinan,

Asalaam alaykum. Sisi hatujambo, ila baba yako goti, na yeye hasemi mpaka aulizwe. Wewe je? Umepata shuka za kuzuia baridi ya hivyo viyoyozi vyenu?

Astaghfirullah, mtoto wa ndugu yangu Marhoon ananisikilizisha nyimbo za kanisani! Mama yako alipoambiwa ni za nani alicheka mpaka akakaa chini. Lakini nimezisikiliza kila siku baada ya alasiri, kidole kwenye mstari wako. Mwanzo alikuwa nzi ndani ya chupa. Nikakasirika na wewe, nikakasirika na hao watawa. Juzi Jumanne nachambua mchele, rekodi inajiendea, sina hata habari nayo, nikahisi kitu kimepanda. Nikaacha mchele. Nikarudisha. Kikapanda pale pale, kikashuka pale pale ulipochora. Sikwambii kuwa kizuri, lakini ni wimbo. Nimemkumbuka msomaji wa maulidi anapokuwa peke yake, kabla watu hawajaitikia. Nilisema ahsante kwa sauti kubwa, paka akakimbia.

Za sauti mbili nazo nimeanza. Wanagombana, lakini najua kuwa ni wawili.

Sasa la kukuudhi. Kwa Hind nimeanguka. Anaziba mdomo kwa karatasi, anasema maneno, nami niyarudie. Machache niliyopata nilibahatisha. Uso wake niliuona. Na hapa nyumbani ndiyo usiseme. Baba yako anaanza sentensi kwa Kiswahili anaimaliza kwa Kiarabu, na mama yako anaingia katikati kwa lugha anayoijua Mungu. Nikitazama midomo sipati, nikisikiliza sipati. Nakaa natabasamu kama mgeni.

Shangazi yako,
Mwanamize


Ansab,
17 Novemba 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na baba mpe pole ya goti, mwambie nimejua.

Nimeisoma barua yako nikaruka kitini. Hayo maneno ya Hind ni ya lugha gani? Nimemuuliza. Ya Kiarabu! Shangazi, wewe Kiarabu umekuja kukijua hapa Omani, msichana mkubwa umeshavunja ungo. Masikio yako yamelelewa Unguja. Hind hakuwa na habari. Anasema unazungumza naye Kiarabu kizuri hata hakufikiria kukuuliza. Nimemtumia orodha ya maneno ya Kiswahili nimeyasoma mwenyewe, na safari ijayo nitakuja tuwe pamoja. Na hapo nyumbani, waambie wachague lugha moja mpaka sentensi iishe. Itawauma, lakini wataweza.

Umefuzu Enzi za Kati, haya twende mbele. Inayofuata ni Baroki. Watu wa enzi hiyo walipenda mapambo, kila noti inavishwa bangili na kikuku. Lakini chini yake kuna besi inayotembea bila kusimama, na kinanda ambacho nyuzi zake hazigongwi, zinadonolewa. Shika besi, usihangaike na mapambo. Baada yao wakaja wa Klasiki, waliochoka na bangili. Wao walitaka uwazi: mahadhi yanauliza, mahadhi yanajibu, kama watu wenye adabu. Mwisho nimekutilia Romantiki, walipotaka kila mtu alie au azimie. Hiyo ngoja kwanza.

Mwanao anayekuonea fahari,
Sinan


Qurayyat,
5 Januari 2025

Sinan,

Salamu nyingi. Wote wazima.

Nianze na shukrani, nisije nikaonekana sina fadhila. Siku ile mbele ya Hind uliposema "kikombe" na "mlango" na "dada" nami nikakurudishia, na yeye asiyejua Kiswahili akapiga makofi, sitaisahau. Baroki nimeipenda. Hicho kinanda kinadonoa kama kuku, na besi naisikia mpaka miguuni. Klasiki nayo naifuata, anauliza huyu anajibu yule, kama majirani dirishani. Niliona nimeshafika.

Basi sikungoja. Nikamwambia mama yako leo tuwasikilize hao Warumi. Nilikuwa nimemuuliza baba yako imekuwaje Warumi waje baada ya wote, akanambia nivae miwani, imeandikwa Romantiki. Tukakaa sebuleni. Mwanangu, nilisikia masufuria yote ya harusi yanamwagwa sakafuni, na hayaishi kumwagika. Nikageuka kumwambia mama yako simu imeharibika. Nikamkuta anafuta machozi. Mwenzangu analia kwa uzuri, na mimi nasikia masufuria.

Nimekivua. Tamasha sitokuja. Usiniandikie kunibembeleza.

Shangazi yako


Ansab,
2 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuombea afya na utulivu wa moyo.

Barua mbili nimekuandikia hukujibu, na baba ameniambia kifaa kiko kabatini. Hii si ya kukubembeleza. Ni ya kukwambia kweli, kwa sababu wewe hujawahi kunidanganya, hata nilipopiga vibaya ulisema vibaya.

Nimemuuliza Hind. Anasema huenda Romantiki usiisikie tena maishani kama ulivyokuwa ukiisikia. Huenda. Ni makosa yangu kukuonyesha historia kama ngazi, utadhani kila enzi iko juu ya iliyopita na ya mwisho ndiyo kileleni. Haiko hivyo. Watu walikuwa wanatafuta tu, kila wakati walitaka kusikia kitu kingine.

Tiketi zenu tatu ziko ndani ya bahasha. Ijumaa, alasiri. Programu imepangwa kwa enzi: itaanza filimbi moja peke yake, na kuendelea mbele. Kipande cha mwisho ni cha karne ya ishirini, baada ya vita na viwanda, watungaji walipoona utamu umekuwa uongo. Hakina mahadhi hata kidogo. Tunagonga nyuzi kwa mti wa upinde, mimi naigonga viola kwa vidole, kuna vyuma, kuna kunyamaza kwingi. Mama ameshasema atatoka.

Njoo nacho, au njoo bila. Au usije. Kila ninapokaa kupiga nakaa kama niko chumbani kwako, na hilo halihitaji tiketi.

Mwanao,
Sinan


Qurayyat,
9 Februari 2025

Mwanangu, kipenzi changu Sinan,

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi mzima. Mzima hasa.

Najua uliniona, kwa sababu ulipokaa nusura ukikose kiti. Ukaondoka haraka na wenzako nisipate kukwambia, basi nakuandikia.

Kifaa nilikitia kwenye mkoba, sikukivaa. Nilikuja kukutazama mkono tu. Lakini ile filimbi ilipoanza peke yake, ukumbi mzima umenyamaza, niliona uchoyo kujinyima kitu ninachokijua. Nikakivaa. Nikaisikia ikipanda. Baroki nikafuata kwa mguu. Klasiki nikaulizwa nikajibiwa. Ikaja Romantiki, masufuria yale yale, na kushoto mama yako, na kulia mwanamke nisiyemjua, wote wana leso. Mara hii sikukivua. Nikakutazama wewe. Unafumba macho unapopiga, hujaacha. Nikasema hii yao, wacha wafaidi.

Kisha mkaanza ile ya mwisho. Tak. Kimya. Tak tak. Chuma kinakwaruza. Wewe unabisha hodi kwenye viola. Nikangoja iwe bati, na ikawa bati! Lilikuwa bati kweli! Nikageuka, nikaona watu wamekunja nyuso, mama yako kakamata mkoba, na mimi nikaelewa kuwa wanasikia ninachokisikia. Chote. Ukumbi ule wote, wenye masikio yao waliyozaliwa nayo, hatuzidiani. Mimi ndiyo nilikuwa na mazoezi kuliko wote. Nilicheka peke yangu, na kila kimya kilipokuja nilijua kitavunjwa wapi. Mshukuru yule aliyetunga, kama yu hai. Mimi nawashukuru nyote, na wewe kwanza, uliyonivuta kutoka sauti moja nami nakutukania watawa wako.

Sasa hili hulijui, na ndilo ninalokuandikia. Tulirudi na gari kabla ya magharibi. Baba yako anaendesha, mama yako ubavuni pake, mimi nyuma, naona visogo tu. Hawasemi na mimi, wameshazoea. Mama yako akaanza, "Wallahi, ile nayo muziki? Dhajja tu, kelele tupu, khalas, kichwa kinanigonga." Baba yako akamwambia kwa Kiarabu kuwa vijana wametaabika. Nami nikasema kutoka nyuma, "Dhajja kwako wewe, wifi. Mimi ndo pekee nliyoifahamu."

Baba yako akanitazama kwenye kioo. Akauliza polepole, bila kugeuka, "Mwanamize, umesikia alosema?"

Nikamwambia, "Nimesikia, na kakosea."

Akaliweka gari kando ya barabara, akazima, akalaza kichwa kwenye usukani. Mama yako akashuka, akaja kunikumbatia mlangoni mpaka mtandio ukanivuka. Tulipoondoka akairudia hoja yake pale pale, kuwa ile haikuwa muziki, nami nikamrudishia. Tukabishana njia nzima mpaka Qurayyat, mwanangu, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunionyesha mdomo.

Shangazi yako,
Mwanamize